Jembe la Babu Haji Halioshwi

Kigombe, 9 Machi 2025

Mwanangu Zubeiri,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, tumefunga, na Mwenyezi Mungu atatupokelea. Mbuzi kazaa mapacha, paa la jikoni limeacha kuvuja baada ya mimi kulitukana vya kutosha, na magoti yangu yamepatana, sasa yanauma kwa zamu. Masikio ni yale yale, hayasikii kitu. Mlango umefungwa na ufunguo kauchukua Mwenyewe aliyeutoa. Simu ninayo, lakini herufi zake ni za sisimizi, na kila ujumbe ukiingia mwenye duka huusoma kwa sauti akininakilia kwa herufi kubwa, kisha Kigombe nzima inajua kabla sijafika nyumbani. Barua naifungua kwa mkono wangu. Nampa dereva wa basi, naye ataipitisha kwa wenzake mpaka Ifakara. Ikichelewa usidhani imepotea.

Msalimie mkeo Hafsa. Mwambie udi wake nimeshauweka, na ninamsubiri aje kuuchukua mwenyewe, maana nikiutuma hatakuja tena.

Pawatila, ile trekta ya mkono uliyotuletea Januari, ni baraka tupu. Ilianza na majaruba yangu ya mpunga, ikashuka jirani kwa jirani, na sasa bonde zima la Mtondoo limelimwa kwa wiki tano. Zamani tulikuwa tunalima mpaka mgongo unasahau kunyooka. Nikikumbuka ulivyosimama pale darajani na ndoo na brashi, unataka kuiosha kabla haijaingia bondeni, mpaka leo nacheka peke yangu. Mjukuu mzima wa Haji anataka kuosha riziki! Nilikunyang'anya ile ndoo nikaimwaga, na wanawake wakapiga vigelegele. Wewe ulikulia karakana, nakusamehe. Lakini hapa kila mtu alijua neno la babu yako: chombo kilichotoka shamba la mavuno mema hakioshwi mpaka kiguse udongo wa shamba jipya. Jembe alilokuja nalo hapa limening'inia ukutani kwangu na tope lake la Korogwe, miaka hamsini na mbili sasa, na sijawahi kulala njaa.

Sasa jambo lenyewe. Kitaluni kwangu kumeingia konokono. Usiseme konokono ndio nini. Hawa ni wakubwa kama malimau, magamba ya kahawia yenye michirizi, na wanakula miche kama walioalikwa. Jumatano niliacha miche imesimama, Alhamisi nikakuta maji matupu. Kwenye mabua na kingo za mfereji wamebandika mayai ya rangi ya waridi, vichane vichane, utadhani mtu kamwaga ubuyu. Jirani yangu Sadalla anasema ni wa kichocho. Nimemwambia wa kichocho namjua tangu utotoni, ni mdogo kama punje ya hindi, huyu ni baba wa mtu.

Wewe umetembea mashamba mengi. Umewaona? Wanakufaje? Miche niliyobaki nayo inatosha nusu ya majaruba yangu, na bonde hili ndilo sahani ya nyumba kumi na tisa.

Nikome hapa, futari inaiva na mimi siisubirishi.

Shangazi yako,
Asmahani binti Haji


Ifakara, 29 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika Morogoro, ikalala stendi, ikapanda gari la vitunguu, ikapita hapa mpaka Mlimba, kisha ikarudi. Inanuka vitunguu mpaka sasa. Hafsa anakusalimu, anasema ujanja wa udi ameuelewa. Mjukuu wako Sabiri ameng'oka meno mawili ya mbele na anadai si yeye aliyeyapoteza. Karakana ina kazi nyingi, msimu umeanza, kila mwenye pawatila anakumbuka leo kwamba mwaka jana haikuwaka.

Hao konokono, shangazi, usiwachukulie mchezo. Umesema kweli, si wa kichocho. Ni wageni, asili yao ni mbali sana na Afrika, na wanapenda mpunga mchanga kuliko wewe unavyopenda kahawa. Jike mmoja anataga mayai mia kadhaa kwa mara moja. Nakueleza ninavyojua.

Asubuhi na mapema, na tena jioni, ingieni majarubani mkawaokote. Msiwashike kwa mikono mitupu, vaeni mifuko ya nailoni kama hakuna glovu. Wapondeni nchi kavu, mbali na maji. Mayai yao hayapendi maji ndiyo maana wanayataga juu. Yakwangueni, yapondeni au yazamisheni, yatakufa. Chomekeni vijiti majarubani ili watage hapo, ni rahisi kuvikusanya. Tupeni majani ya mpapai pembeni, watajikusanya kuyala na mtawakuta pamoja. Maji yasizidi kina cha kidole kimoja kilicholala, kwani konokono hawezi kutembea na kula vizuri pasipo maji. Miche iacheni kitaluni mpaka iwe migumu, ya siku ishirini na tano au thelathini, ndipo mpandikize. Na kila mahali maji yanapoingia, wekeni wavu wa matundu madogo.

Mwiteni bibi shamba, wajue wilayani. Jambo hili si la kuficha.

Nimewahi kuwaona mahali, katika kutembea kwangu.

Shangazi, pawatila iko wapi sasa? Naomba isiazimwe kwa mtu wa bonde jingine. Nitakueleza siku nyingine, kuna wateja mlangoni.

Idi njema. Mwanao,
Zubeiri


Kigombe, 24 Aprili 2025

Mwanangu Zubeiri,

Assalaam alaykum. Idi ilipita vizuri, nilikula vitumbua mpaka nikaona haya. Pacha mmoja wa mbuzi anachechemea lakini anakula kwa wawili. Mambo ya Hafsa na udi nimeyasikia, na bado hautumwi.

Maneno yako nimeyasoma mbele ya watu, na bonde limeyashika. Tulipiga msaragambo siku sita mfululizo, kila nyumba ikitoa watu wawili. Tumejaza ndoo hamsini na tatu, mwanangu! Mimi peke yangu mbili na nusu, na goti hili. Sadalla aliona kinyaa siku ya kwanza, siku ya tatu akawa anashindana na wanawe. Majani ya mpapai ni mtego kweli kweli, wanayajia mbio, kama konokono ana mbio. Bibi shamba amekuja, binti mmoja anaitwa Precious, mdogo wa umbo lakini anaingia topeni bila kuulizwa. Amechukua watano kwenye chupa ya spiriti na kusema lile lile ulilosema wewe. Nimempenda. Nimepandikiza nusu, na ile nusu imesimama. Hatujashindwa.

Ila kuna jambo limeingia na halinipendezi.

Watu wanataka kujua nani kaleta. Ndiyo desturi ya binadamu, akipona homa anamtafuta aliyemkoholea. Na wamempata: Nehemia. Wewe humjui, alihamia miaka minne iliyopita kutoka Bumbuli, Mshambaa, Mlutheri, ana bata na bwawa la samaki kule chini kabisa bonde linapoishia. Wanasema konokono wamekuja na vifaranga vya samaki wake. Nimewaambia konokono walionekana kwangu kwanza, juu, siku kumi kabla hajawaona yeyote wa chini. Sadalla akanionyesha masikio yangu kwa kidole, maana yake yamefungwa, sijasikia yote. Wamemzibia mfereji. Baada ya mavuno kutakuwa na mkutano, na maneno ya chini chini ni kwamba ataambiwa afungashe.

Mkewe anaitwa Devota. Bonde zima nina watu, lakini huyu peke yake ndiye anayenunua daftari na kalamu ili aniandikie ninapotaka kuongea. Wengine wananipigia kelele, nami naona midomo tu inafunguka. Asubuhi akipita ananiandikia "Onga makeo", ndiyo asubuhi njema ya kwao, nami namjibu kwa kinywa kibaya na anacheka. Pasaka kaniletea mayai ya bata kumi, huku maji yamefungwa kwao. Nilimwambia asilete. Akaandika: "Mama, bata hawajui siasa."

Kwa hiyo nakuuliza, na hili ndilo la barua hii: konokono hawa huingiaje shamba ambalo hawakuwamo? Na wewe umewaona wapi? Nijibu upesi kabla ya mkutano.

Shangazi yako,
Asmahani


Ifakara, 5 Juni 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Nisamehe kuchelewa. Mvua zilikata barabara, kisha Hafsa akaugua jino, kisha jino likapona na mimi nikaugua mgongo. Sabiri ameota jino moja, limekuja upande. Mama yake Hafsa amekuja kututembelea na ameshapanga upya jiko lote. Huku mpunga umesimama vizuri na mto umejaa lakini haujatudhuru. Karakana nimeweka bati jipya na nimenunua kompresa ya mkono wa pili, inaunguruma kama ng'ombe aliyenyimwa maji. Tunakutakieni Idi njema ya kuchinja.

Ndoo hamsini na tatu! Nimeisoma mbele ya mafundi wangu, wamekupigia makofi. Endeleeni hivyo hivyo, kila wiki, hata mkidhani wamekwisha. Wakikosa maji hujifukia kwenye tope, wanafunga mlango wao kwa kifuniko kigumu na kulala miezi, halafu mvua ikija wanaamka kama hawakulala. Kwa hiyo baada ya mavuno msilegee.

Nakutumia kwa dereva wavu roli mbili. Upana wa matundu nimeupima mwenyewe. Utatosha milango ya maji yote mpaka kwa jirani yako wa chini.

Bata ni dawa. Bata wanakula konokono wadogo na mayai yao hawayagusi, lakini wadogo wakiliwa wakubwa watatoka wapi? Huku nimesikia watu wanawaingiza bata majarubani baada ya kuvuna. Msimfukuze mwenye bata.

Na jambo jingine, shangazi, nalisema kwa adabu. Najua neno la babu. Lakini kuanzia sasa majembe, mabuti, magunia, pawatila, kila kitu kinachotoka jaruba moja kwenda jingine kioshwe. Kioshwe kabla hakijavuka daraja, kuingia na kutoka. Na maji ya kuoshea yamwagwe nchi kavu, yasirudi mferejini. Karakana yangu sasa haipokei mashine yenye tope. Wateja wamenung'unika, wamezoea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nakubusu mikono.

Mwanao,
Zubeiri


Kigombe, 19 Juni 2025

Zubeiri,

Assalaam alaykum. Sote wazima. Wavu umefika na umefungwa. Nashukuru.

Nilikufundisha mimi kuhesabu, kwa kokwa za mabungo, baba yako akiwa kazini. Kwa hiyo najua kuhesabu. Katika barua yangu nilikuuliza maswali. Umenijibu la bata ambalo sikukuuliza, la wavu ambalo sikukuuliza, la jino, la kompresa, la jiko la mama mkweo. Nilichokuuliza hukunijibu.

Sikuulizi tena.

Kuhusu kuosha, hapana. Nimefanya yote uliyosema na nitaendelea. Konokono nimewaponda mpaka nawaota. Lakini nyumba hii haioshi jembe. Unajua watu wa Mtondoo wakiazimana jembe hulirudisha na udongo wake, kwa sababu kuliosha ni kumwambia jirani shamba lako ni uchafu. Hilo ndilo limetufanya watu wamoja, wenye kusali na wenye kwenda kanisani. Na neno hilo kaliweka baba yangu. Nikisimama mimi, bintiye, niseme lioshwe, nitakuwa nasema nini juu yake? Precious naye kaniandikia hilo hilo kwenye daftari. Nilimrudishia daftari bila kujibu, na yule mtoto hana kosa, nimeona vibaya mpaka usiku.

Wiki hii kuna watu kutoka bonde la pili wamekuja kuomba pawatila. Nilisema imeharibika. Haijaharibika. Nimesema uongo nikiwa na miaka sitini na tatu, kwa sababu ya sentensi moja ya barua yako ambayo hukuimalizia.

Mkutano ni Jumamosi tarehe 12 Julai. Nehemia amevuna mapema na ameanza kupanga vitu vyake kwenye magunia. Devota haniandikii habari hiyo. Ananiandikia habari za bata tu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nalala nayo, naamka nayo.

Asmahani


Ifakara, 1 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Karatasi hii ni ya nne, tatu nimezichana. Hafsa amesema nisipoituma hii ataandika yeye.

Konokono niliwaona ng'ambo ya mpaka, kwenye mashamba ya mpunga, nilipokwenda kununua ile pawatila. Mwenye nayo alinionyesha mayai kwenye mabua na kuniambia konokono wamemfilisi ndiyo maana anauza. Nilijua. Magurudumu ya chuma yalikuwa na mabonge ya tope kavu, na humo ndani hao wadudu hulala. Nilijua hilo pia, alinieleza. Nilipanga nikifika nitaiosha.

Sikuiosha. Niliingiza mashine bondeni na tope lake, na jaruba la kwanza kulimwa lilikuwa lako. Kosa ni langu, peke yangu. Nilipopata barua yako ya Machi nilijua kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Nikakuandikia namna ya kuwaua, kwa kuwa hilo nililiweza, na lile jingine nikaliacha. Kisha ukaniambia habari ya Nehemia, nami nikaandika habari za kompresa. Naona haya shangazi. Nimekaa wiki sita nikijua mtu anafungiwa maji kwa ajili yangu.

Sikukwambia kwa sababu uliipenda ile mashine. Watu walipiga vigelegele. Tangu baba afariki sijawahi kukuletea kitu cha kukufurahisha namna ile. Hiyo si hoja, najua, nakueleza tu ilivyokuwa.

Mkutanoni soma barua hii, au mpe mtu aisome kwa sauti. Wamfungulie Nehemia maji siku hiyo hiyo. Mimi nitakuja baada ya msimu huku, Agosti, nitakaa mwezi mzima, nitafanya kazi yoyote bonde litakayonipa. Wakisema nisikanyage, nitafanyia kazi ng'ambo ya daraja.

Mashine zote zilizopita mikononi mwangu tangu Januari nimezifuata moja moja, kumi na nne, nimekagua kila gurudumu. Huku hakuna. Alhamdulillahi.

Mwanao, kama bado,
Zubeiri


Kigombe, 20 Julai 2025

Mwanangu Zubeiri,

Assalaam alaykum. Goti zima, mbuzi wazima, mpunga umeingia ndani: magunia machache kuliko mwaka jana, mengi kuliko nilivyotegemea Machi. Kwanza nikutoe wasiwasi. "Kama bado" ni neno gani hilo? Ukiliandika tena nakuja Ifakara kukuchapa, na udi nauchoma wote peke yangu.

Barua yako sikuisoma mkutanoni. Usinune, nisikilize.

Ina uongo ndani yake. Umeandika "sikuiosha," ukaweka nukta, ukanyamaza. Nilirudia mistari ile mara tatu nikiitafuta ile ndoo. Haimo. Mtu alikuwa pale darajani na maji na brashi mkononi, tayari kuosha, na mwanamke mzima akamnyang'anya mbele ya watu. Wewe umenifichia. Nimekushukuru kwa hilo na nimekukasirikia kwa hilo, yote kwa siku moja. Lakini kosa lako lipo, nalo si la kutoosha. Ulijua wamo topeni, ukaona ninamwaga maji, na ungeweza kuniandikia maneno mawili. Nisingesikia, ningesoma. Hilo ndilo lako, libebe. Hili jingine ni langu, na sikubali mtu kunibebea.

Na nikuambie la mwisho: mimi pia nilijua. Si kama wewe. Nilijua tangu Aprili, nilipoandika kwa mkono wangu kwamba walionekana kwangu kwanza. Mtu mwenye akili akiandika hivyo anajua anachoandika. Nikakuuliza wewe ili nisiwe mimi wa kusema. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha miezi mitatu.

Nilimwomba Sadalla mkutano ufanyike darajani, nikasema goti halinifikishi mbali. Watu wakaja. Nehemia alisimama nyuma, mkewe karibu yangu na daftari lake. Mimi sauti yangu siku hizi siijui ikoje, Devota aliniandikia baadaye kwamba hata waliokuwa baharini walisikia. Nilisema hivi:

"Konokono hawa waliingia na pawatila ya nyumba yangu. Zubeiri alitaka kuiosha hapa hapa niliposimama, nikamnyang'anya ndoo. Ninyi mlishangilia, lakini mkono ulikuwa wangu. Huyu mtu wa Bumbuli hajaleta kitu ila bata na adabu. Anayetaka kumfukuza aliyeleta konokono, nyumba yangu anaijua."

Sadalla midomo yake ilifunguka, nikamwangalia Devota aniandikie. Aliandika: "Anasema neno la marehemu mzee Haji je?"

Ndipo nikalitoa jembe. Nilikuwa nimelifunga kwenye kanga. Watu wakasogea nyuma, wallahi, kama nimetoa maiti. Nikasema baba yangu alikuja hapa akitoka shamba lenye mavuno na lisilo na maradhi, akaleta udongo wake kwa mapenzi. Angeletewa udongo wenye kuua, angeukataa yeye wa kwanza, maana neno lake lilikuwa kulinda riziki na si kulinda tope. Sijui kama nimemsemea sawa. Nitamuuliza tukikutana.

Nikachovya brashi. Zubeiri, nililia. Sikujificha, nililia mbele ya nyumba kumi na tisa. Lile tope lilikuwa gumu kama tofali, likatoka vipande vipande, na maji yakawa mekundu. Nilipofika katikati maji yalikuwa yamechafuka hata hayaoshi tena. Nikainua macho, namwona Nehemia anakuja kutoka nyuma. Kama alisema neno Devota hakuniandikia, maana kalamu ilikuwa imemshinda. Alichukua ndoo, akaimwaga mbali kule nchi kavu kama ulivyotufundisha, akateka maji mengine, akaniwekea miguuni. Tukamaliza naye.

Chini ya tope kulikuwa na chuma kizima, kimeliwa na kutu upande mmoja tu. Jembe zuri. Lingeweza kulima miaka yote hii.

Mfereji wa Nehemia ulifunguliwa kabla ya adhuhuri, Sadalla mwenyewe akishika koleo, na koleo akaliosha, ingawa kwa uso wa mtu anayekunywa mwarobaini. Bata wanaanza zamu Jumatatu, kwangu kwanza. Precious ameleta kibao tutakachosimamisha darajani. Majembe ya kuazimana sasa yanarudishwa meupe, na anayerudisha hutia kiganja cha mchele juu yake, ili jirani asiseme amedharauliwa. Hilo ni langu, nimelitunga njiani nikirudi, na limepokelewa. Pawatila tumeiosha siku nzima, gurudumu kwa gurudumu, na bonde la pili nimewaambia kweli: haikuharibika, ilikuwa chafu, na mimi ndimi niliyewadanganya. Hawataipata mpaka Precious aikague. Konokono bado wapo wachache. Wao wana mayai, sisi tuna nyumba kumi na tisa na bata arobaini. Masika ijayo napandikiza majaruba yote.

Njoo Agosti, na mkeo, na Sabiri na jino lake la upande. Basi likikushusha usikimbilie nyumbani. Nitakuwa darajani. Viatu utavua, mabuti ya kazi utanipa mimi. Ile ndoo niliyokunyang'anya ipo pale, nimeifunga kwa kamba. Safari hii brashi ni yako, na maji nitateka mimi.

Shangazi yako,
Asmahani binti Haji